Je, wajua? Ubora wa 75 kwenye JPEG si asilimia 75 ya kitu chochote

Ukiandika programu kwa lugha ya C inayohifadhi picha za JPEG (aina ya faili inayobana picha ili ichukue nafasi ndogo) kwa maktaba ya libjpeg, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa kwa kazi hiyo, mara nyingi mstari huu huukwepi:

jpeg_set_quality(&cinfo, 75, TRUE);

Hiyo 75 ni nini? Zamani ningekujibu bila kusita: asilimia. Picha inabaki na robo tatu ya ubora wake, na ukiweka 100 inabaki nzima, haipungui hata chembe. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba nilipotengeneza programu ya kutunza picha za risiti niliweka 100 kila mahali, nikalala usingizi. Siku moja nikalinganisha faili lililohifadhiwa na picha ya awali, pikseli kwa pikseli. Maelfu hazikufanana. Jioni nzima nikasaka kosa: nikashuku pointa, nikashuku malloc, nikaishuku hata kompaila, ambayo haikuwa imenikosea chochote. Programu ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa ile imani yangu juu ya 100.

Historia kwa kifupi: libjpeg ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Independent JPEG Group, Tom Lane akiwa mbele, na kiwango chenyewe cha JPEG, yaani kanuni rasmi za aina hiyo ya faili, kikapitishwa 1992. Siku hizi wengi wanatumia libjpeg-turbo, iliyo na kasi zaidi, lakini hesabu ya ubora ni ileile.

Sasa hesabu yenyewe. JPEG huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande hakiandikwi kama pikseli 64, bali kama mchanganyiko wa michoro 64 isiyobadilika. Wa kwanza ni rangi tupu isiyo na ua, unaofuata unafifia polepole upande mmoja, na wa mwisho una madoa madoa kama ubao wa drafti. Kinachohifadhiwa ni kiasi cha kila mchoro.

Viasi hivyo vichukulie kama daftari la madeni la Mangi mwenye duka, lenye wateja 64. Mangi hataki kusumbuka na chenji, kwa hiyo kila mteja amewekewa sarafu yake ndogo kabisa, na deni lake linaandikwa kwa idadi ya sarafu hizo tu. Mteja mwenye sarafu ya 16 akidaiwa 43, Mangi anaandika 3. Akija kudai, atadai 48. Ameongeza tano na hatazikumbuka tena. Mteja mwenye sarafu ya 99 akidaiwa 40 anaandikiwa sifuri: amesamehewa. Wateja wa mwisho, yaani ile michoro ya madoa madoa ambayo jicho haliioni vizuri, ndio wanaopewa sarafu kubwa, kwa hiyo mara nyingi mkia mzima wa daftari ni sifuri. Mangi haandiki sifuri moja moja. Anaandika mara moja tu kwamba waliobaki hawadaiwi. Sehemu kubwa ya nafasi inayookolewa inatokea hapo.

Namba ya ubora huamua ukubwa wa sarafu, basi. Kiwango cha JPEG kina majedwali ya mfano ya sarafu hizo, na lile la mwangaza linaanza 16, 11, 10, 16 na kuishia 99. Ubora wa 50 unalitumia lilivyo. Ukishuka hadi 25, kila namba inazidishwa mara mbili. Ukishuka hadi 1, mara hamsini, ingawa ile TRUE ya mwisho inazuia namba yoyote isizidi 255. Ukipanda hadi 75, namba zote zinagawanywa kwa mbili: 8, 6, 5, 8, mpaka 50.

Mbona 75 ndiyo chaguo-msingi la libjpeg? Maelezo ndani ya jcparam.c, mojawapo ya mafaili ya msimbo wa libjpeg, yanadokeza: kwa mujibu wa kiwango, majedwali yale yanatoa ubora “mzuri”, na yakigawanywa kwa mbili, “mzuri sana”. Yaani 75 ni jina la utani la “gawanya kwa mbili”. Sikutegemea kwamba namba niliyoiheshimu miaka yote hiyo ingekuwa na asili ya kawaida namna hiyo.

Tahadhari moja: kiwango chenyewe kinasema majedwali hayo ni mifano tu, yametokana na majaribio ya macho ya watu, na huenda yasifae kila kazi. Picha ya ufukweni na picha ya maandishi madogo hazivumilii sarafu ileile. Wala 75 ya programu moja si lazima iwe 75 ya nyingine, kwa sababu kila mtengenezaji yuko huru kuchagua majedwali yake.

Na 100? Hapo sarafu zote zinakuwa 1. Ni ndogo kweli, ila senti bado hazipo: kiasi cha 43.4 kinaandikwa 43. Tena kabla ya daftari kufunguliwa, rangi zimeshabadilishwa kutoka nyekundu, kijani na bluu kwenda mwangaza na tofauti za rangi, na huko nako desimali zimetupwa.

Kilichonimaliza kabisa ni kingine. Kwa kawaida libjpeg hupunguza taarifa za rangi, pikseli nne zikagawana rangi moja ya wastani, na jpeg_set_quality hailigusi jambo hilo hata ukiandika 100. Jaribu: weka pikseli moja nyekundu, 255, 0, 0, katikati ya picha nyeupe, hifadhi kwa 100, ifungue tena. Utakuta nyekundu yake imeshuka chini ya nusu, imekuwa kahawia iliyochoka, na jirani zake nyeupe zimeona haya kidogo. Ili kuzuia hilo unaweka h_samp_factor na v_samp_factor za comp_info[0], yaani mipangilio ya libjpeg inayoamua upunguzaji huo, ziwe 1, baada ya jpeg_set_defaults na kabla ya jpeg_start_compress.

Nilifanya hivyo, nyekundu ikarudi. Nikalinganisha tena: zilizotofautiana zilikuwa zimepishana kwa moja au mbili hivi. Risiti nikazihamishia PNG, aina ya faili inayobana picha bila kupoteza kitu.