RFID kwenye mitungi ya gesi na katoni za maji: usikimbilie kuongeza nguvu

Watu wa stoo wakinipigia simu kuhusu visomaji vya RFID vya mkononi, yaani vifaa vinavyosoma kwa mawimbi ya redio tagi (vibandiko vyenye chipu) zilizo kwenye bidhaa, malalamiko huwa yaleyale. Kwenye maboksi ya nguo kifaa kinahesabu kila kitu ndani ya sekunde chache, lakini kikifika kwenye mitungi ya gesi au katoni za maji ya chupa, kinaruka nusu ya mzigo. Karibu wote huwa wameshapandisha nguvu ya kifaa hadi mwisho. Mimi huwaomba waanze kwa kuishusha.

Tagi za aina hii hazina betri. Chipu hupata umeme kutoka kwenye mawimbi yanayorushwa na kisomaji, kisha hujibu kwa kuyarudisha mawimbi hayohayo yakiwa yamebeba namba yake. Tagi nyingi za stoo hutumia masafa ya kati ya megahezi 860 na 960, ambako wimbi moja lina urefu wa kama sentimita 33. Antena yake imepimwa kwa wimbi hilo, kwa matarajio kwamba itabandikwa kwenye karatasi au plastiki.

Ibandike tagi hiyo moja kwa moja kwenye chuma uone. Wimbi likigonga chuma hurudi likiwa limegeuka, na pale kwenye uso wa chuma linalokuja na linalorudi hufutana, chipu ikakosa umeme. Isitoshe, chuma kikiwa karibu hivyo huivuruga antena, nayo haikamati tena masafa yake. Ukiongeza nguvu, hiyo uliyoongeza nayo hufutwa vilevile.

Kinachotakiwa ni tagi iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma. Ina tabaka la sponji au kauri la milimita chache, na antena yake hukitumia chuma kilicho chini yake kama sehemu yake. Ndiyo maana nyingine hazisomeki vizuri zikiwa mezani. Usizipime hapo ukazikataa. Kwenye mtungi wa gesi, mimi naiweka juu begani, si tumboni. Wapakiaji huibingirisha mitungi sakafuni, na tagi ya tumboni haimalizi muda ikiwa nzima.

Nguvu kubwa ina ubaya mwingine. Ndani ya stoo ya kuta za bati na rafu za chuma, mawimbi hudundadunda na kuleta tagi za safu ya pili, ukaandika mitungi ambayo hata hujaifikia. Shusha nguvu, sogea karibu, tembeza kifaa polepole huku ukigeuza kiganja. Tagi iliyokuwa kimya mara nyingi huitika ukisogea sentimita saba au nane tu, kwa sababu umetoka mahali mawimbi yalipokuwa yanafutana.

Maji ni habari nyingine. Hayarudishi mawimbi yote kama chuma, mengi huyanywa. Katoni ya chupa 12 ikiwa na tagi kwenye kila chupa, zile za pembeni zitasomeka na za katikati zitapotea. Mafuta ya kupikia hayana shida hiyo kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo dumu la mafuta kusomeka hakukupi uhakika wowote kuhusu maji. Weka tagi shingoni mwa chupa, juu ya usawa wa maji. Bora zaidi, kama biashara yako inauza kwa katoni, weka tagi moja kwenye katoni na uielekeze nje.

Kama ni lazima kusoma kupitia maji yenyewe, badilisha masafa. Kwenye kilohezi 134.2 kazi hufanywa na uga wa sumaku, ambao maji hayauzuii. Ndiyo masafa ya hereni nyingi za kielektroniki za ng'ombe, na ya vidonge vya kauri vyenye chipu ambavyo ng'ombe humezeshwa, vikasomeka vikiwa tumboni. Gharama yake ni umbali: utasoma ukiwa karibu tu, tagi moja baada ya nyingine.

Muuzaji akija na chupa tupu kuonyesha kifaa chake, zote zitasomeka. Mpe katoni zilizojaa, zikiwa zimepangwa kwenye rafu zako kama siku zote, mlango umefungwa, ndipo ahesabu mbele yako.