Mapokezi ya mtumiaji mpya katika programu huria

Mapokezi ya mtumiaji mpya ni njia yote anayopita mtu tangu anapofika kwenye ukurasa wa kupakua programu hadi amalize nayo kazi yake ya kwanza: barua imechapwa na kutumwa, picha imekatwa, video imecheza. Ukilitaja neno hili, wengi hufikiria lile dirisha lenye nembo kubwa, neno "Karibu" na kitufe cha Endelea. Dirisha hilo ni kipande kidogo tu cha mapokezi, na aghalabu ndicho kipande ambacho mgeni hukifunga bila kukisoma.

Dhana mbili jirani huchanganywa nayo. Kuwapokea wachangiaji, yaani watu wanaotaka kurekebisha msimbo (maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo), kutafsiri au kuripoti hitilafu, ni shughuli nyingine yenye milango yake. Mafunzo nayo ni ya mtu aliyekwisha kuamua kubaki. Mapokezi humhusu yule ambaye bado hajaamua: ana kazi moja mkononi na subira ya dakika chache.

Kwa nini programu huria hasa

Hata programu za kibiashara huwapokea wageni vibaya, ila programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuusoma msimbo wake na kuurekebisha, ina sababu zake. Wanaoitengeneza ni watumiaji wake wa siku nyingi. Mipangilio yao imekaa kwenye folda zilizofichwa ndani ya kompyuta zao kwa miaka, kwa hiyo hawaioni tena skrini anayokutana nayo mtu anayefungua programu kwa mara ya kwanza. Isitoshe, miradi mingi haikusanyi takwimu za matumizi, au huzikusanya kwa idhini tu. Huo ni uamuzi wa heshima, lakini una gharama: aliyeshindwa kusakinisha huondoka kimya, na sauti zinazosikika ni za waliokwisha kuzoea, wasiotaka kitufe chao kiguswe. Tena hakuna mmoja anayeimiliki njia nzima. Kundi moja huandika programu, jingine huifungasha kwa ajili ya mfumo endeshi fulani (Windows, macOS au Linux), la tatu hutunza tovuti, na mgeni huanguka katikati yao.

Lakini sababu inayodhuru zaidi ni hii: ubishi wa wasanidi humalizwa kwa kuongeza kisanduku cha kuteua. Wawili wakishindwa kukubaliana programu ifanye nini, kila mmoja hupewa chaguo lake, na mzigo wa suluhu hiyo hubebwa na mtu wa tatu ambaye hakuwapo kwenye ubishi. Mradi wa GNOME, unaotengeneza madirisha na menyu za kompyuta za Linux, ulipotoa toleo la 2.0 mwaka 2002 ulipunguza mipangilio mingi kwa makusudi, na watumiaji wa zamani wengi walikasirika. Hoja ya waliopunguza, kwamba kila chaguo linamgharimu hata asiyelitumia, haijachuja hadi leo, ingawa kukata nako kuna mpaka wake.

Kabla programu haijafunguka

Hapa ndipo penye mitego mingi, na ndipo pasipoangaliwa. Kwenye ukurasa wa kupakua mgeni anakuta aina nyingi za faili: .exe na .msi za Windows, .deb, .rpm, AppImage na Flatpak za Linux, na nyingine zimegawanywa tena kwa aina ya prosesa kuwa amd64 na arm64. Mwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel anaiona "amd64" na kuiruka, akidhani ni ya prosesa za AMD peke yake. Kumbe jina limetokana tu na kampuni iliyobuni muundo huo wa biti 64, na Intel iliufuata. Miradi inayotolea matoleo yake GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, ina mtego wa ziada: kila toleo jipya, tovuti yenyewe huambatisha faili mbili za msimbo chanzo, moja ya .zip na nyingine ya .tar.gz. Mgeni anaijua .zip. Anaipakua, anaifungua, anakuta folda tele za msimbo na hakuna cha kubofya.

Dawa ni ukurasa wa mradi kuutambua mfumo endeshi wa mgeni kupitia kivinjari chake na kumpa kitufe kimoja kikubwa, orodha kamili ikiwa chini kwa wanaoihitaji. Angalizo moja: kivinjari hutaja mfumo endeshi bila shida, lakini aina ya prosesa si ya kuaminika, hasa kwenye Mac, ambako Safari hujitaja kuwa ya Intel hata kwenye mashine zenye prosesa za Apple. Hapo uliza swali moja kwa lugha ya watu, na umwonyeshe mgeni mahali pa kutazama jibu kwenye mashine yake.

Kisha huja onyo la mfumo endeshi. Windows huleta dirisha la buluu linalosema kwamba imeilinda kompyuta, na kitufe cha kuendelea kimefichwa nyuma ya maandishi madogo ya maelezo zaidi. macOS hukataa programu ambayo msanidi wake hajulikani, na tangu toleo la 15 la mwaka 2024 ile njia ya zamani ya kubofya huku umeshika kitufe cha Control haipitishi tena; lazima mtu aingie kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Mara nyingi sababu si virusi bali ni kukosekana kwa saini ya kidijitali, yaani uthibitisho wa nani aliyeitoa faili, na saini hugharimu. Uanachama wa wasanidi wa Apple pekee ni dola 99 kwa mwaka. Mradi wenye uwezo ulipie. Usio na uwezo useme mapema, pembeni ya kitufe cha kupakua, onyo litafananaje na la kufanya ni lipi, maana onyo lililotabiriwa halitishi kama lililozuka. Na kwa kuwa unamwambia mtu apite juu ya onyo la usalama, mpe njia ya kuhakiki: alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili ikiguswa, pamoja na amri yenyewe ya kuikagua. Alama isiyo na amri ni pambo tu.

Ukimya ni mbaya kuliko onyo. Faili ya AppImage kwa kawaida hupakuliwa bila ruhusa ya kutekelezwa; mtu akiibofya mara mbili, mara nyingi hakuna kinachotokea. Na anayetaka kusakinisha mfumo endeshi mzima, kama Linux Mint, hukutana na faili ya ISO, yaani nakala ya diski nzima ya usakinishaji, ambayo huinakili kwenye flashi kama anavyonakili nyimbo. Anawasha kompyuta, kompyuta haioni kitu. ISO inapaswa kuandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu kama Rufus au balenaEtcher, na kazi hiyo hufuta kila kilichokuwamo. Mambo hayo mawili, kwamba kunakili hakutoshi na kwamba flashi itafutwa, yakae karibu na kitufe cha kupakua, si ukurasa wa nne wa mwongozo.

Maswali ya mlangoni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Programu nyingi humkabidhi jembe akiwa bado anabisha hodi: chagua folda ya kazi, chagua mandhari, chagua vijenzi vya kusakinisha, jisajili, tazama vidokezo 12.

Swali linastahili kuulizwa mlangoni endapo limetimiza masharti matatu kwa pamoja: mgeni analijua jibu, programu haiwezi kulikisia, na kulibadilisha baadaye kuna usumbufu. Likikosa moja, chagua wewe kwa niaba yake na uache mlango wa kubadilisha kwenye mipangilio. VLC, programu ya kuchezea video na muziki, kwa mfano, huuliza mara ya kwanza kama iruhusiwe kutafuta mtandaoni taarifa za nyimbo na filamu. Swali hilo ni halali, kwa sababu ni habari za mtu zinazotoka nje ya kompyuta yake. Blender, programu ya michoro ya pande tatu (3D), ambayo zamani ilichagua vitu kwa kubofya kulia na hivyo kuwachanganya karibu wote waliotoka kwenye programu nyingine, iliugeuza utaratibu huo katika toleo la 2.80 la mwaka 2019. Mara ya kwanza kufunguliwa hutoa dirisha dogo lenye maswali machache: kitufe gani cha kipanya kichague, kitufe cha nafasi kifanye nini, rangi zipi. Jibu lililokwisha kuwekwa linamfaa mgeni. Anayebadilisha ni mzoefu anayetaka tabia za zamani. Mpangilio huo ni wa kuigwa.

Linganisha na LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi. Mtu ametumiwa faili ya .docx, amerekebisha sentensi moja, anahifadhi. Linatokea dirisha likimuuliza abaki na umbizo la Word au atumie ODF, umbizo la kawaida la LibreOffice. Dirisha linamwonya kwamba mpangilio fulani huenda usihifadhiwe, lakini swali lake yeye ni jingine kabisa: aliyenitumia ataweza kuifungua? ODF hajawahi kuisikia. Anabofya lolote, na akikosea, malalamiko yatarudi kesho yake kutoka kwa mtu wa tatu.

Skrini ya kwanza isiwe jangwa. Blender hufunguka ikiwa tayari na mchemraba, kamera na taa, kwa hiyo kuna kitu cha kugusa sekunde ileile. Nyaraka mbili tatu za mfano hufanya kazi kuliko ziara ya mishale inayoelekeza vitufe ambavyo mtu hana haja navyo bado.

Mkono uliozoea

Kuna kukwama ambako dirisha la "Karibu" haliwezi kukuondoa, nako ni pale programu inapokwenda kinyume na mazoea ambayo mtu ameyaleta kutoka kwingine. Chukua GIMP, programu ya kuhariri picha. Mgeni amefungua picha ya .jpg, ameikata, amebonyeza Ctrl+S. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, kuhifadhi maana yake ni .xcf pekee, umbizo la GIMP lenyewe. Anaandika picha.jpg kwa mkono. Programu inakataa na kumwelekeza kwenye amri ya kuhamisha, yaani Ctrl+Shift+E. Akikubali .xcf bila kujua, anaituma kwa mtu ambaye hawezi kuifungua.

Sababu ya kiufundi ipo na ni nzuri: .jpg haibebi matabaka, yaani sehemu za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine na kuhaririwa kila moja peke yake, na aliyefanya kazi ya saa tatu angepoteza matabaka yake yote kwa kubonyeza kuhifadhi. Lakini mgeni huyu hana matabaka. Ana picha moja bapa. Programu inaliona hilo, kwani inajua idadi ya matabaka na inajua faili ilikotoka. Kwa maoni yetu, katika hali hiyo ya tabaka moja Ctrl+S ingetoa kwanza pendekezo la kuandika juu ya faili asilia, amri ambayo tayari imo kwenye menyu, na ulinzi ukabaki kwa wenye matabaka. Kwa ujumla mazoea yakipishana na usalama wa kazi, linda kazi, lakini pale tu palipo na kitu cha kulinda.

Kuyapima

Bila takwimu za matumizi, kipimo kinachobaki ni macho. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Watafute ambao hawajawahi kuigusa programu. Wape kazi, si maelekezo: "kata picha hii iwe ya mraba, kisha nitumie," wakianzia kwenye kivinjari kitupu, si kwenye programu iliyokwisha kusakinishwa. Washa saa. Kisha nyamaza, na hapo ndipo wasanidi hushindwa. Msanidi akisema tu "jaribu menyu ya kushoto," jaribio limeharibika. Andika kila mahali mtu aliposimama zaidi ya sekunde 10, alichobofya kwa makosa, na maneno aliyoyatumia kukiita kitu alichokuwa akikitafuta. Maneno hayo ndiyo majina sahihi ya menyu zako.

Msanidi anayetaka kujionea mwenyewe kati ya majaribio afungue akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta yake, kwa sababu mipangilio ya zamani haitafuatana naye. Kivinjari cha Firefox kina njia fupi zaidi: kianzishe kwa amri firefox -P na uunde wasifu mpya, yaani seti mpya ya mipangilio. LibreOffice hukubali kuelekezwa kwenye folda tupu ya mipangilio kwa kuongeza -env:UserInstallation kwenye amri ya kuianzisha. Akaunti mpya, hata hivyo, bado hurithi fonti na maktaba zilizosakinishwa kwa kompyuta nzima, hivyo hitilafu ya kijenzi kilichokosekana haitaonekana; kwa hilo tumia mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako, iliyosakinishwa upya.

Ukisharekebisha, rudia na watu wengine 5. Wale wa kwanza wamekwisha kujua kitufe kiko wapi.