Boti ya Faiba Nayo Huoza

Wanunuzi wengi wa boti za mashine zilizokwishatumika jijini Dar es Salaam huamini kwamba faiba haiozi, na kwa hiyo fedha yote ya matengenezo huielekeza kwenye mashine na rangi. Faiba yenyewe kweli haiozi. Lakini katika boti nyingi za zamani, sehemu ya tezi, yaani upande wa nyuma wa boti, inayobeba mashine, na mara nyingi mataruma (mihimili ya kuimarisha boti) yaliyo chini ya sakafu, ni plaiwudi au mbao zilizofunikwa kwa faiba. Maji hupenya katika matundu ya bolti ambayo gundi yake imechakaa, yakabaki humo, na mbao zikaoza kimyakimya huku nje pakimeremeta. (Rangi mbichi kwenye boti inayouzwa, kwangu mimi, ni sababu ya kuikagua zaidi.) Gonga tezi kwa mpini wa nyundo: mlio mkavu ni dalili njema, mlio mzito uliofifia huashiria unyevu au uozo. Tezi ikinesa unapoinyanyua na kuishusha mashine, usiridhike kwa kubandika faiba juu ya nyufa, kwani mbao iliyooza sharti ikatwe yote, pakaushwe, na plaiwudi mpya ipakwe epoksi (gundi ngumu ya kuzuia maji) hadi ndani ya matundu kabla ya kurudisha bolti.