"Injinia, udongo haupewi tuzo"

Mteja wa tano mwaka huu kaniletea picha ileile kwenye simu: ghorofa la vioo vitupu, chini yake nyasi kama zulia. "Injinia, nataka la namna hii, la kutunza mazingira, yale yanayopewa tuzo." Mimi si injinia, ni msanifu majengo, lakini hilo nimeshalisamehe. Nilipomwonyesha mchoro wa tofali za udongo za kufungamana kwa kiwanja chake cha Shangani, hapa Mtwara, alicheka. "Udongo? Watu watasema nimefilisika."

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba jengo bora la kutunza mazingira ni vioo na mitambo, na udongo ni wa asiye na uwezo.

Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo ilianzishwa 1977 na hutolewa kila baada ya miaka 3. Mwaka 2004 mojawapo ilikwenda kwa shule ya msingi ya kijiji cha Gando, Burkina Faso, iliyochorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa hukohuko Gando. Kuta zake ni tofali za udongo uliotiwa saruji kidogo, na wanakijiji walishiriki kuijenga. Mwaka 2022 Kéré huyohuyo akapewa Pritzker, tuzo ambayo wasanifu wa dunia nzima huiota. Na msidhani alionewa huruma. Juu ya madarasa kuna dari ya tofali yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake kwa fremu za nondo. Bati likichemka, upepo unapita katikati na kulipoza. Hewa ya moto ya darasani nayo inapanda na kutokea kwenye matundu. Kiyoyozi hakuna. Paa limetokeza mbali kukinga kuta, maana adui wa udongo ni maji. Fundi wako akikata upenu ili aokoe bati nne, ukuta ukimomonyoka usiutukane udongo.

Lile ghorofa la vioo limechorwa kwa ajili ya watu wanaolitafuta jua. Sisi tunalikimbia! Mtwara iko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, na jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Februari. Kioo kinaingiza mwanga, joto linanasa ndani, halafu unanunua viyoyozi vya kulitoa, na kila ukiweka LUKU unanilaani mimi. Elekeza pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini. Upande wa magharibi usiweke dirisha kubwa, hata kama ndiko barabara iliko na unataka majirani waone sebule. Madirisha yatazamane, upepo wa kaskazi uingie huku utokee kule. Hayo yote hayaongezi hata mfuko mmoja wa saruji.

Wengine huniuliza kama huku kusini tuna jengo lolote la kujivunia. Nenda Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, ukauone Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari: mawe ya matumbawe na chokaa, vifaa vya pwani hiihii. UNESCO iliyaweka magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. (Sisemi ukavunje matumbawe hai. Hayo ni nyumba ya samaki, yaache.)

Cheti na tuzo navyo vinachanganywa. Cheti cha EDGE, cha kimataifa cha majengo ya kutunza mazingira, ni hesabu: upunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya mzigo ambao utengenezaji wa vifaa vya ujenzi huutwika mazingira, ukilinganisha na jengo la kawaida. Tuzo ya Aga Khan hutuma wataalamu kulikagua jengo likiwa na watu ndani, na huwatambua hata mteja na mafundi. Picha ya kompyuta haifiki huko.

Sola? Sola juu ya nyumba inayochemka ni umeme wa kuendeshea kosa. Tumemaliza.

Bustani sasa. Mtu akinunua kiwanja, kwanza "anakisafisha": mikorosho chini, miembe chini, kisha pevingi ukuta hadi ukuta na kipande cha nyasi. Nyasi hizo zinataka maji Juni hadi Oktoba, wakati mvua hatuna. Pevingi zinatunza joto hadi usiku, na masika zinamsukumia jirani maji yote. Mimi sichori chochote kabla sijaonyeshwa kila mti ulipo na kivuli chake cha saa tisa alasiri.

Yule wa Shangani ana mwembe mkubwa upande wa magharibi. Nimemchorea baraza chini yake, kaipenda. Kuhusu udongo, anasema ngoja kwanza aongee na shemeji yake.