Kufyeka msitu hakufukuzi magonjwa

Wengi huamini kwamba msitu ni ghala la magonjwa, hivyo ukigeuzwa shamba, wanyama huondoka na maradhi yao. Sivyo. Wanaotoweka kwanza ni wawindaji kama chui na bundi, wanaohitaji eneo pana. Panya na baadhi ya popo hubaki, tena hustawi, kwa kuwa shamba huwawekea chakula jirani na nyumba zetu. Na hao ndio mara nyingi hubeba virusi vinavyoweza kumwingia binadamu.

Tazama Malaysia, 1998. Karibu na mji wa Ipoh, miembe ilipandwa kando ya mabanda ya nguruwe. Wataalamu wanaeleza kuwa popo walikuja kula maembe, mabaki yenye mate yao yakaanguka bandani, nguruwe wakayala. Nguruwe wakaanza kukohoa, kisha wafugaji wakashikwa na homa na uvimbe wa ubongo. Virusi vya Nipah viliua zaidi ya watu 100 nchini humo, na nguruwe wapatao milioni moja wakachinjwa ili kuvizuia. Inaniuma kusikia popo wakilaumiwa: sisi ndio tuliowaandalia meza juu ya banda.

Si kila shamba huleta mlipuko, bila shaka. Lakini Australia nako, miti inayochanua majira ya baridi ilipofyekwa kupisha kilimo, popo wenye njaa walihamia kwenye malisho ya farasi. Virusi vya Hendra vikaingia kwa farasi, na kutoka kwao vikawafikia watu. Miti hiyo inapochanua kwa wingi, popo hurudi msituni na maambukizi hukoma.