Mizani ya ndege ya rimoti kabla ya kuirusha mara ya kwanza

Ndege ya rimoti ikianguka sekunde chache tu baada ya kurushwa, mara nyingi kosa lilikuwepo tangu mezani: mkia mzito, bawa lililopinda, au elevita (kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) inayokwenda kinyume na kijiti cha rimoti. Yote haya yanapimika kwa rula, kalamu na nusu saa ya utulivu. Nataka nieleze hasa mizani, yaani jinsi uzito wa mbele na wa nyuma unavyolingana, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote na ndiyo isiyosamehe.

Tuchukue mfano mmoja ili namba ziwe na maana: ndege ya kujifunzia ya fombodi, ile karatasi nene yenye povu gumu jeupe katikati inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchorea. Bawa linakaa juu ya bodi, yaani kiwiliwili cha ndege. Kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 120, na upana wake ni sentimita 20. Mkia wa kulala ni sentimita 40 kwa 12, yaani asilimia 20 ya eneo la bawa. Haina eileroni, vile vibao vya bawani vya kulaza ndege upande. Inapinda kona kwa usukani, kibao cha mkia wa kusimama, kwa hiyo bawa lazima liinuke kuelekea nchani, kila ncha iwe juu ya katikati kwa sentimita 7 hivi. Bila mwinuko huo usukani utazungusha pua tu, ndege isilale kuingia kona. Bawa lifunge kwa rababendi zinazoshikwa na vijiti vya mishikaki vilivyopita kwenye bodi, ili ndege ikigonga chini bawa liteleze badala ya kupasuka.

Mota ni 2212 ya KV 1000 (mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti), propela ni 10x4.5 (urefu wa inchi 10), kidhibiti mota ni cha ampea 30, betri ni lipo (ya lithiamu) ya seli 3 yenye ujazo wa mAh 2200, na sevo, vimota vidogo vya kusogeza elevita na usukani, ni mbili za gramu 9. Ikikamilika iwe na gramu 700 hadi 800. Ikizidi 900, angalia gundi kwanza. Gundi ya moto ni nzito, na ikirundikwa mkiani hasara yake ni kubwa zaidi, kama utakavyoona.

Kitovu cha uzito cha ndege hii, yaani mahali ambapo ukiishikilia inakaa sawa bila kuinamia mbele wala nyuma, kinatakiwa kiwe asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele: sentimita 5 hadi 6. Kwa mruko wa kwanza mimi huchagua 5. Chora alama mbili chini ya bawa, moja kila upande wa bodi, kisha inua ndege kwa ncha za vidole kwenye alama hizo ikiwa kamili, betri na propela zikiwa mahali pake. Pua ikiinama kidogo, vizuri. Mkia ukishuka, usirushe.

Sababu ni hii. Ndege yenye kitovu mbele ikisukumwa na upepo hujirudisha yenyewe. Kitovu kikirudi nyuma, nguvu hiyo ya kujirudisha inapungua hadi inaisha. Ukigusa elevita kidogo pua inapaa, ukiisukuma chini inazama zaidi ya ulivyotaka, na kila unaporekebisha unaongeza kosa. Mwishowe pua inapanda mno, mwendo unaisha, bawa linaacha kubeba na ndege inaanguka ikizunguka. Hakuna ustadi wa mgeni unaoweza kuiokoa. Ndege yenye pua nzito kupita kiasi nayo ni kero, kwani inataka elevita nyingi na inatua kwa kasi, lakini kwa kawaida inarudi nzima.

Ukikuta mkia ni mzito, usikimbilie risasi za kuvulia samaki. Sogeza betri. Betri hii ina gramu 180 hivi. Tuseme umezidisha gramu 20 za gundi mkiani, sentimita 60 nyuma ya kitovu: 20 mara 60 ni 1,200, gawa kwa 180, unapata karibu sentimita 6.7 za kusogeza betri mbele. Ukitaka kuweka uzito puani, sentimita 20 mbele ya kitovu, gramu 1 ya mkiani inadai gramu 3 za puani. Ndiyo maana mkia unajengwa mwepesi tangu mwanzo, na ndiyo maana chumba cha betri kiwe kirefu kuliko betri yenyewe.

Kisha simama nyuma ya ndege uangalie bawa kwa jicho moja. Ukingo wa nyuma wa kushoto na wa kulia uwe sawa. Mpindo wa milimita 3 nchani unatosha kuilaza ndege upande mmoja wakati wote, na usukani utakuwa unapigana nao kila sekunde. Fombodi hunyooka kwa joto la taratibu na mkono wenye subira.

Sasa rimoti. Toa propela kwanza. Mota inayowaka ghafla mezani inakata vidole. Washa rimoti, halafu unganisha betri. Wakati wa kuzima, betri itangulie. Ukiwa nyuma ya ndege, vuta kijiti cha elevita kwako: elevita ipande. Peleka usukani kulia: uende kulia. Sema kwa sauti unachokiona, maana jicho lililochoka huona linachotarajia. Mwendo wa elevita uwe milimita 12 juu na 12 chini, usukani milimita 25 kila upande. Ukizidi, hamishia waya unaosukuma kibao kwenye tundu la ndani la mkono wa sevo kabla ya kupunguza kwa programu ya rimoti, ili sevo ifanye kazi kwa nguvu yake yote.

Kwa jaribio hili tu, propela ikiwa bado imetolewa, zungusha mota taratibu kisha zima rimoti huku betri imeunganishwa. Mota lazima isimame. Kama inaendelea kuzunguka, risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, haijawekewa failsafe, yaani mpangilio wa kuzima mota mawasiliano yakikatika, na ndege itakayopoteza mawasiliano itakwenda zake na nguvu yote. Mota ikizunguka kinyume, badilisha nafasi za waya zozote mbili kati ya tatu zinazoingia kwenye mota. Unaporudisha propela, maandishi yatazame mbele.

Mwinuko wa mahali una uzito wake. Kwa gramu 800 ndege hii huacha kubeba kwenye kilomita 25 kwa saa hivi, ukiwa Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Mwendo huo wa chini unapanda karibu asilimia 10, na mvuto wa propela unapungua. Ukitaka propela ya inchi 11, pima ampea kwanza. Zisivuke kiwango cha mota. Pwani shida ni upepo: mchana bahari inapuliza, na msimu wa kusi hauachi nafasi. Rusha alfajiri, majani yakitikisika bila matawi kusogea. Ruhusa nayo itafutwe mapema: Kenya ni mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na kanuni zake za ndege zisizo na rubani za 2020, Tanzania ni mamlaka yake, TCAA.

Throtoli (kijiti cha nguvu ya mota) robo tatu, uso kwenye upepo, irushe ikiwa imenyooka. Kuitupa kuelekea juu ni kuinyima mwendo kabla haijaupata. Usiguse trimu, vitufe vya rimoti vya kusahihisha ndege inayopinda yenyewe, hadi ifike mita 30 hivi. Weka saa ya dakika 7. mAh 2200 zinaruhusu zaidi, lakini ukitua mapema unaweza kupima betri na kujua matumizi yako halisi. Kila seli iwe na volti 3.7 au zaidi ikiwa imepumzika. Chaji kwa ampea 2.2, na ikikaa siku kadhaa bila kazi ihifadhi kwenye volti 3.8 kwa seli, mbali na gari lililoegeshwa juani.

Ndege ikishatulia kwenye trimu, hewa yenyewe itakupa jibu la mizani. Panda juu vya kutosha, funga throtoli, inamisha pua takriban nyuzi 40, kisha achia kijiti. Ikijiinua kwa nguvu, kitovu kiko mbele sana. Ikijiinua polepole, iache hivyo. Ikizidi kuzama, vuta taratibu, tua, na usogeze betri mbele. Kila marekebisho yawe milimita 5 tu, ukichora mstari kwenye chumba cha betri kuonyesha ilipokaa.