Kwa nini programu ya jana hugoma leo na hakuna aliyegusa msimbo?

Mwaka 2023 wasanidi wengi wa Python walikumbwa na kioja. Programu ni ile ile, seva ni ile ile, lakini ilipojengwa upya ikakataa kuwaka, ikilalamika kwamba maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) iitwayo urllib3, toleo la 2.0, inataka OpenSSL, programu ya usimbaji fiche, iwe 1.1.1 au mpya zaidi. Wengi wao hawakuwahi hata kuiandika urllib3 popote. Walichoomba ni requests, maktaba ya kuwasiliana na tovuti ambayo nayo huitegemea urllib3, tena bila kutaja toleo. Hadi toleo la 2.29, requests ilikuwa haiikubali urllib3 mpya. Ilipofika 2.30 ikafungua mlango, na pip, kisakinishi cha Python, huchukua toleo jipya kabisa linaloruhusiwa. Seva zenye OpenSSL ya zamani zikaumia.

Mwenye hifadhi moja ya msimbo dawa yake ni nyepesi: aandike matoleo kamili, basi. Kazi ipo kwa mwenye hifadhi hamsini ambazo mwisho wa siku husakinishwa pamoja. Hii inataka urllib3 iliyo chini ya 2, ile inataka kuanzia 2, na mazingira mamoja ya Python hubeba toleo moja tu la kila maktaba. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Walioonja adha hii kwa ukubwa wake ni watu wa OpenStack, mradi wa programu za kuendesha wingu ulioanzishwa na NASA na Rackspace mwaka 2010. Nova hushughulikia mashine pepe, Neutron mtandao, Cinder diski, Keystone utambulisho. Kila mradi kati ya hiyo una hifadhi yake na timu yake. Wakaamua kuwa na hifadhi ya pembeni isiyo na kazi nyingine ila kusimamia matoleo. Ndani yake kuna faili la global-requirements.txt, linalosema maktaba zipi zinaruhusiwa kuingia, na la upper-constraints.txt, linalotaja toleo kamili la kila maktaba, pamoja na zile zinazoletwa na maktaba nyingine.

Kwangu mimi, ujanja wote uko kwenye hilo faili la pili. Ukiliingiza kwenye pip kwa alama ya -c, halisakinishi kitu chochote. Linaweka sharti tu: maktaba hii ikihitajika, na iwe toleo hili. Kwa hiyo kila mradi hubaki na orodha yake fupi, unaeleza kiwango cha chini unachokubali na matoleo mabovu unayoyakwepa, bila kubishana na jirani kuhusu kiwango cha juu.

Matoleo mapya yakitoka, roboti hupendekeza orodha ipandishwe. Majaribio ya miradi kadhaa huendeshwa dhidi ya orodha hiyo mpya, kisha binadamu huidhinisha. Maktaba ikivunja mradi mmoja, wote husubiri. Wenye haraka hukereka, na wana haki. Timu ya watu watatu haihitaji mitambo yote hiyo. Faili moja la masharti, linalosomwa na hifadhi zote, linawatosha.

Wengine wamepita njia nyingine. Google huweka sehemu kubwa ya msimbo wake katika hifadhi moja. Node, mazingira ya kuendesha JavaScript, huruhusu nakala tofauti za maktaba ile ile kukaa pamoja, jambo linaloondoa ugomvi lakini huficha nakala kuukuu zisionekane.

Na nakala kuukuu si suala la unadhifu tu. Desemba 2021 lilitangazwa hadharani tundu la hatari la kiusalama katika Log4j, maktaba ya lugha ya Java ya kuweka kumbukumbu za matukio ya programu. Likatoka toleo la 2.15.0, kisha 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, yote mwezi huo huo. Aliyekuwa na orodha moja alibadilisha mstari mmoja mara nne na kujenga upya. Asiyekuwa nayo alifungua hifadhi moja baada ya nyingine, na kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza, toleo jingine lilikuwa limeshatoka.